Sare ya Mke wa Afisa

Mwajabu, fundi cherehani wa Mbagala, hakuwa na mali wala mtoto, ila ulimi alikuwa nao. Mumewe alikuwa ng'ambo mwaka wa tatu, na mara mbili Bwana Kilewo, afisa wa viza, alimnyima ruhusa ya kwenda kumsalimia.

Mara ya tatu akamuuliza kwa kebehi, "Huna nyumba, huna mtoto. Nini kitakurudisha huku?"

"Nguo za watu, shemeji."

"Nguo?"

"Fundi akikaa na kitambaa cha mtu, popote atakapojificha atafuatwa. Kwani dada, mkeo, hajakwambia? Sare atakayovaa kwenye harusi ya mdogo wake naishona mimi."

Kilewo akashtuka. Harusi ilikuwa mwezi ujao, na mafundi aliwajua: njoo kesho, njoo Ijumaa.

"Umefikia wapi?"

"Shemeji, mafundi si unatujua?"

"Wiki tatu!" akafoka, huku akigonga muhuri. "Ukizidisha hata siku moja, mke wangu atakufuata mwenyewe!"

Jioni alipofika nyumbani alimkuta mkewe mbele ya kioo, amevaa sare, anajigeuzageuza.

"Mwajabu kaileta asubuhi," mkewe akasema. "Yule hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu."