Mpaka Aseme Yamefika

Nani kati yenu amewahi kusikilizwa mpaka akanyamaza mwenyewe, bila kunyamazishwa? Inueni mikono. Hakuna? Nilijua. Basi sogeeni, na wewe Wakesho zima hiyo simu, kisa changu hakihitaji bando.

Hapo kale, milima ingali ikiitana kwa majina, paliondokea kijiji cha Irindi. Hawakuwa na diwani, hawakuwa na ofisi, hawakuwa na semina. Walikuwa na mfereji mmoja wa maji na duara moja la vigoda. Mwenye shida aliketi, akasema. Ukitaka kumjibu, wajukuu zangu, hujibu! Kwanza unamrudishia maneno yake, kama mtu arudishavyo sufuria ya jirani: safi, bila kuibonyeza. Akisema "yamefika," ndipo unatoa ya kwako. Akisema "hayajafika," unarudia.

Sasa palikuwa na mjane, Mkawasi. Mumewe alipozikwa tu, shemeji yake Mwandawiro aliziba njia yake ya maji kwa udongo, akayageuzia shambani kwake. Kunde za mjane zikakauka. Mkawasi akaenda kwenye duara.

"Shemeji," akasema, "zamu ya siku ya tatu ilikuwa ya marehemu. Umeiziba. Jana binti yangu alikunywa maji yaliyotuama kwenye nyayo za ng'ombe. Leo hainuki."

Mwandawiro akasimama, tumbo likimtangulia. "Nimesikia. Huyu mama anataka shamba langu."

"Hayajafika," akasema Mkawasi.

Akaketi. Akasimama. "Anasema mimi ni mwizi," akasema Mwandawiro.

"Mwizi umelitaja wewe, shemeji. Hayajafika."

Duara likaangua kicheko! Mzee mmoja akamwambia, "Mwandawiro, masikio yako nayo umeyaziba kwa udongo?"

Jua likahama kutoka migongoni hadi usoni mwao, na hakuna aliyeondoka. Mnanisikia? Hakuna aliyetazama saa akasema ana mkutano mwingine.

Akaketi. Akasimama. Safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Anasema zamu ya kaka yangu nimeiziba. Na mtoto..." Akakwama. Maneno yenyewe machache, wajukuu zangu, lakini ayapitishe kwenye koo lake mwenyewe! "Na Mshai, mtoto wa kaka yangu, amekunywa kwenye nyayo za ng'ombe. Hainuki."

"Yamefika," akasema Mkawasi.

Jibu? Mwandawiro alichukua jembe. Kabla jua halijatua, maji yalikuwa yanalia kwenye kunde za mjane. Mshai akanyweshwa uji, siku ya nne akainuka. Huyo Mshai ndiye aliyemzaa nyanya yangu. Bila lile duara, nyinyi nyote hapa ni hewa.

Kisha ikaja meza. Sijui nani aliileta. Ikawekwa mbele, vigoda vikapangwa mistari, na tangu hapo tukawa tunatazama visogo vya wenzetu.

Juzi nilikwenda huko wanakoita baraza la kusikiliza wananchi. Bango kubwa, soda za bure. Kijana mwenye beji akaniambia, "Dakika mbili shosho, tuko late." Nikasema bomba letu limekauka tangu kunde zichanue. Nikasema kaka zenu wana digrii zimekunjwa chini ya godoro, wanashinda kutwa wakihesabu nzi. Mheshimiwa nyuma ya meza, macho kwenye simu, akasema, "Noted. Next!"

Noted! Nilitaka kusema hayajafika. Maikrofoni ilishachukuliwa.

Siku hizi nikipita pale penye mfereji, nyasi zimeumeza, husimama. Natamani mtu mmoja tu anirudishie maneno yangu. Hata akosee kama Mwandawiro. Hata mara mbili. Ningemngoja.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mtu akikujibu kabla hajakurudishia maneno yako, jueni anajijibu mwenyewe. Kisa nimekiacha hapa kwenye kigoda. Atakayekikalia kigoda akiinue kisa kikiwa kizima.

Na wewe mheshimiwa, najua yatakufikia, huyu Wakesho simu hakuizima, inanirekodi. Ondoa hiyo meza. Kaa chini tunapokaa. Kabla hujaniahidi lolote, niambie kwanza: mimi nilisema nini?