Jiwe la Kisima na Kazi Moja

Niambie: kazi ni moja, walioitolea jasho ni watatu. Utampa nani?

Somoe ana jicho. Akitazama kitu, huona kingine ndani yake. Shee ana sikio. Mizani ya shairi ikipungua, kichwa kinamuuma. Mejumaa ana koo. Akiimba, hata wauza mbaazi hunyamaza. Wote wana digrii ya Kiswahili, wote bado wanalishwa na mama zao. Congratulations, graduates.

Mzee Mwinyihaji, mwenyekiti wa kamati inayoajiri mwalimu wa ushairi mjini, amemwita mkewe, Bi Mwanakombo, waridi tangu ndoa ikiwa changa. Juzi, kwenye arusi ya jirani, akamwimbia tena mbele ya watu. Bi Mwanakombo akainuka.

"Waridi ni bibi arusi yule. Mimi nimeshanyauka, wanicheka?"

Akahamia kwa kaka yake.

Mjini kwao, mke aliyeondoka kwa hasira huombwa radhi kwa shairi, mlangoni. Mzee akawaita wale watatu. "Atakayemrudisha, kazi ni yake."

Somoe akaenda kwenye kisima cha nyumbani kwa Bi Mwanakombo na mzee, akaona jinsi kamba ilivyolichimba jiwe la ukingoni. "Pendo lao ndilo hili. Kila siku wanakwaruzana, na kila siku kamba inapita palepale."

Shee akacheka. "Dada, hiyo ni status ya simu, si shairi." Akahangaika na vina mpaka likasimama:

*Silo ua la shambani, jioni likadondoka,*
*Ni jiwe la kisimani, kwa kamba likachongeka.*

Mejumaa akaimba mlangoni kwa kaka wa bibi, mzee na wenzake wakiwa nyuma. "Mwambieni nimelala," bibi akajibu kutoka ndani. Mejumaa hakupaza sauti; aliishusha, akalivuta lile neno "jiwe" taratibu, hadi komeo likalia.

Bi Mwanakombo alitoka na macho mekundu. "Jiwe nimelikubali, narudi. Lakini wewe bwana, hukutunga hata neno?"



"Bila jiwe langu mngeimba nini?" Somoe akauliza.

"Jiwe lilikuwa la kuchotea maji tu, mimi ndiye niliyelitia vina na mizani," akasema Shee.

Mejumaa akawatazama. "Na mlango, aliufungua nani?"

"Kamati itakaa," mzee akasema. Haijakaa. Bibi yuko kwake, bwana analala kwa raha, na marafiki watatu hawasalimiani tena.

Haya, wewe uliyesikiliza, ungemwajiri yupi, na wawili ungewaambia nini usoni?

Nanyi wa kamati, shairi mmeshalitumia. Kaeni kesho, mtaje jina hadharani, na aliyetajwa aanze kazi Jumatatu.