Mbwa wa Dalali Chambuso

Pale Korogwe, Chambuso alifunza mbwa asubuhi na kufanya udalali wa nyumba mchana, na mbwa wake Pozi alimfuata kila aendako.

Siku moja Shekiondo, tajiri mwenye nusu ya mtaa, alimpa Chambuso ufunguo wa geti. "Niuzie nyumba anayopanga Bi Mosi, yule mshona nguo. Eti anataka kuinunua kwa milioni kumi! Mimi nataka thelathini. Akishindwa, ahame."

"Wateja nitakuletea, bwana."

Akaleta watatu, Shekiondo mwenyewe akiwapokea. Kila Chambuso alipotikisa shada lake la funguo kutafuta ule wa geti, Pozi aliinua pua akalia kama yuko msibani. Wateja walitazamana, wakaaga.

"Mbwa wako anaona nini humu?" Shekiondo aliuliza, jasho likimtoka.

"Mbwa nawafunza tu, bwana. Siwasemei."

"Mpe Bi Mosi kwa hizo kumi zake! Leo leo!"

Hati ilipotiwa saini, Chambuso alimkabidhi Bi Mosi funguo. Zilipogongana tu, Pozi akaangua kilio.

Bi Mosi akashtuka. "Kumbe kweli nyumba ina jini?"

"Hamna kitu, mama," Chambuso akacheka, akimtupia Pozi kipande cha nyama. "Nilimfunza kulia akisikia funguo. Somo la kunyamaza ndiyo kwanza tunalianza."