Pembe za Fahali wa Masunga

Kaeni vizuri, na anayejiona mjanja asogee mbele tumwone.

Walikuwepo makuruta watatu wa polisi, chuo kimoja, bweni jirani. Lugano alijaliwa jicho: kopo la maziwa hatua mia moja halimponyoki, na bunduki aliipenda kama mtu apendavyo simu mpya. Matinde alijaliwa ulimi. Alikulia zizini kwa baba yake, na bunduki hakuitaka. Alisema ukiishika, watu hawaongei na wewe, wanaongea nayo. Shemweta alijaliwa woga. Msicheke, woga nao ni kipaji.

Siku ya mafunzo kwa vitendo, Sajini Mbonea akawapeleka mnada wa ng'ombe na bunduki moja. Shemweta aijaze, Lugano aibebe. Akasema mkanda mweupe wa kuruta bora jioni atafungwa mmoja tu. Lugano alikwisha kumpigia mama yake simu kwamba ni wake.

Saa nne asubuhi mfugaji mmoja, Masunga, akagundua kuwa mdogo wake kauza fahali wake bila kumuuliza. Akamkaba shingo, panga juu. Watu wakatawanyika, hata mbuzi waliona ni busara.

Lugano akamlenga kifuani. Panga likasita hewani. Bila mtutu ule, mdogo mtu angezikwa.

Matinde akasogea mikono mitupu. "Kaka Masunga," akasema, "huyo fahali pembe zake zilikaaje?"

Masunga akamtazama. Akamwachia mdogo wake, akainua mikono yote miwili, panga likiwa bado kwenye mmoja, akazichora pembe hewani kama wafanyavyo wafugaji. Kwao Lugano wanalima chai. Yeye aliona panga linamwendea Matinde kichwani. Akavuta kifyatulio.

Ka.

Basi, kama kijiti kilichovunjika. Masunga wala hakusikia. Alikuwa analia, akaliweka panga chini ili aoneshe upana vizuri.

Shemweta hakuwa ameijaza. Amri ya sajini aliipokea kwa saluti, risasi akazibakiza mfukoni. "Nilikuona unavyoipapasa," akamwambia Lugano. "Nikaogopa."

Jioni wakasimama mbele ya sajini, na Lugano mwenyewe ndiye aliyesema yote. Matinde akadai mkanda ni wa Lugano, kwani bila mtutu asingepata nafasi ya kuuliza. Shemweta akasema ni wa Matinde. Lugano, aliyeuota mkanda ule miezi sita, akamnyooshea kidole Shemweta.

Sajini akaghadhibika: huyu si ndiye aliyewapeleka wenzake kwenye panga na chuma kitupu?

"Afande," Lugano akajibu, "kingekuwa na kitu, leo ningekuwa nimemuua mtu anayenionesha pembe."

Mkanda bado uko mkononi mwa sajini.

Haya, nyie mliosoma mkamaliza madaftari: je, ungekuwa wewe, ungemfunga nani? Ila usijibu haraka. Lugano naye alikuwa mwepesi.