Chumvi ya Champa Nguchiro

Hapo kale, wanangu, wanyama wa Bara Hindi walipokuwa na maraja na majeshi, Champa Nguchiro alikuwa akichekecha unga mlangoni pake, che! che! che! Mara akaja Kware mbio, anahema.

"Champa, hama! Raja Tembo na Raja Simbamarara wanapigana leo adhuhuri, hapa hapa juu ya shimo lako! Tembo kakodi mbwa mwitu, Simbamarara kakodi fisi."

"Nihame na watoto saba wenye surua? Niwabebe kwa mkia?" Champa hakuacha kuchekecha. "Hao askari wa kukodi wamekula?"

"Wale wapi! Maraja wamesema, ushindi kwanza, chakula baadaye."

"Kumbe ni wajinga," akasema Champa, akabandika chungu kikubwa cha dengu, akatia chumvi. Askari wa kukodi walikuwa na sheria moja, nayo hawakuivunja kamwe: aliyekulisha chumvi leo, leo ndiye bwana wako.

Akaanza na mbwa mwitu. "Kuleni, baba zangu. Vita vinataka tumbo."

Nyam! nyam! nyam! Hawakuuliza swali. Kisha akaburuta chungu chini kwa chini, akatokea upande wa pili, akawalisha fisi. Hao walilamba mpaka masizi.

Adhuhuri tarumbeta ikalia, pyaaa! Majeshi yakaja mbio, vumbi tele. Champa akasimama katikati, mdogo kama kiatu.

"Simameni! Mmekula chumvi ya nani leo?"

Jemadari wa fisi akakuna sikio. "Yako, mama."

"Na ninyi mbwa mwitu?"

"Yako, mama. Na ilikolea!"

"Basi leo bwana wenu ni mimi. Silaha chini, mkalale!"

Mikuki ikaanguka, kacha! kacha! kacha! Uwanjani wakabaki maraja wawili, wanatazamana.

"Haya, anza wewe," akasema Tembo.

"Aa, mkubwa hutangulia."

"Leo mgongo wanisumbua."

"Nami jino."

Wakageuka, kila mmoja kwake.

Jioni Champa akapakua chakula, akahesabu vichwa. "Wanne, watano, sita... Wa saba yuko wapi?"

"Nyuma yako, mama. Nalamba upawa."

"Saba. Kuleni."

Wanangu, anayelisha jeshi ndiye mwenye jeshi.