Kindi, Fisi na Paja la Udongo

Jamani, masikio yapo?

— Yapo!

Yako wazi?

— Yako wazi, tia!

Nitie nini?

— Tia ngano!

Basi natia. Asiyeitaka azibe sikio moja, hilo lingine aniachie mimi.

Zamani, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na Kindi. Kindi alikuwa mdogo, mkia mkubwa, na alikuwa na watoto mapacha ambao macho yao yalikuwa bado hayajafunguka. Kazi yake ilikuwa kutunga michezo ya nyimbo. Yeye anaimba, Chura anapiga ngoma, ndu ndu ndu, na wanyama wengine wamekaa uwanjani wanatazama. Kila anayekuja anakuja na chakula kidogo. Anakiweka nyuma ya uwanja, kwenye vyungu, kiwe cha wachezaji.

Kipupwe kilipoingia, Kindi akatunga mchezo mpya. Ulikuwa mchezo wa Mama Mbuni aliyepoteza yai lake, na Mama Mbuni ni Kindi mwenyewe. Mama Mbuni akaokota jiwe, akaliatamia, akaliimbia:

Toka, mwanangu, toka,
nje kuna jua, toka,
mama yupo, toka.

Jiwe likanyamaza. Mama Mbuni akaimba tena. Jiwe likanyamaza.

Lo! Kanga alilia, kwi kwi kwi. Twiga alilia, machozi yake yakachukua muda kufika chini. Lakini aliyelia kuliko wote alikuwa Ngiri. Ngiri na meno yake yale, Ngiri na mashavu yake yale, alilia hooo, hooo, mpaka waliokaa nyuma wakadhani na yeye yumo mchezoni.

Sasa, desturi yao ilikuwa hivi: ukiguswa na wimbo, unainuka, unakwenda mbele unacheza, unamtuza mwimbaji kitu chako, watu wote wanaona. Kanga akainuka, akatuza shanga zake. Twiga akainuka, akatuza kengele yake ya shingoni. Ngiri akainuka, akavua shuka jekundu aliloachiwa na mama yake, akamfunika Kindi mabegani.

"Dada Kindi, umenimaliza," akasema. "Chukua. Sitalidai hili hata baridi initoe roho."

Watu wakapiga vigelegele. Jioni ile mapacha wa Kindi walilala ndani ya shuka jekundu, joto limewakolea.

Na Fisi je? Fisi alikuwepo. Lakini hakukaa uwanjani. Alikaa nyuma, kwenye vyungu. Wenzake wakilia, yeye nyaf nyaf nyaf. Wenzake wakipiga makofi, yeye nyaf nyaf nyaf. Mchezo ulipokwisha alikuja anajifuta mdomo.

"Kindi, nusu ya tuzo ni yangu."

"Kwa nini, Mzee Fisi?"

"Kwa sababu kesho nitasema."

"Utasema nini?"

"Hapo ndipo inapoingia nusu yangu."

Kindi akamtazama. "Mzee, vyungu umemaliza. Na shuka wamelalia watoto."

"Haya," akasema Fisi. "Utanisikia."

Maana Fisi alikuwa na sauti kubwa, na pale kwao mwenye sauti kubwa alihesabiwa kuwa ana akili. Kila mchezo ukichezwa, asubuhi yake alikaa kisimani akatoa hukumu, na wote waliokuja kuteka maji walitega sikio.

Asubuhi ile akakohoa, kho! Akasema:

"Ule nao ni mchezo? Hauaminiki. Jiwe ni jiwe. Hata mtoto mchanga humdanganyi kwamba jiwe ni yai. Aliyelia pale, kichwa chake kina matobo." Akageuza shingo polepole. "Kwani nani alilia?"

Ndoo tu zilisikika, tiri, tiri.

"Mimi liliniingia vumbi," akasema Kanga.

"Mimi huku juu sikuona vizuri," akasema Twiga.

Wote wakamgeukia Ngiri. Ngiri akavuta kamasi. "Mimi nilikuwa na mafua."

"Mafua," akasema Fisi. "Na tuzo nazo, mlitoa kwa mafua?"

Akacheka, hi hi hiii, akaondoka. Wao wakabaki wanatazama ndoo zao.

Jua halijasimama vizuri, mlangoni kwa Kindi ikasikika hodi.

"Hodi."

"Karibu, Kanga. Kaa."

"Sikai, nimepita tu. Zile shanga, dada, sikutuza. Nilikuazima."

Kindi akazitoa. Kanga akaenda.

"Hodi."

"Karibu, Twiga. Inama, uingie."

"Siingii, nimepita tu. Ile kengele, dada, sikutuza. Ilinidondoka."

Kindi akaitoa. Twiga akaenda.

"Hodi."

"Karibu, kaka Ngiri."

Ngiri alitazama mlango, alitazama dari, alitazama kwato zake. "Nimepita tu," akasema. "Lile shuka."

"Wamelala nalo, kaka."

"Naona."

"Ngoja basi waamke."

"Watu watanikuta hapa, dada Kindi. Wataniuliza nimefuata nini."

Akashika pindo la shuka, akavuta. Akavuta taratibu, kama anayeiba. Watoto wakabiringika, bi, bi, wakabaki sakafuni wanatetemeka, hawaoni ni nani. Ngiri akalikunja shuka, akalificha kwapani, akatoka kinyumenyume.

Siku ile baridi ilipiga. Kindi aliwafunika watoto kwa mkia wake, lakini ukimfunika huyu unamwacha yule. Wakaanza kukohoa. Kindi akaona aibu. Akajisemea, labda ni kweli. Labda jiwe ni jiwe, na mimi nimekaa mbele za watu naimbia jiwe kama mwehu. Akasema, sitaimba tena.

Akageuka amtafute mtoto wa pili, hakumwona. Kumbe mtoto alikuwa ametambaa mpaka pembeni, kwenye vitu vya mchezo. Alikuwa amelikumbatia lile jiwe kwa mikono miwili, shavu juu yake. Amelala fofofo.

Kindi akamtazama mtoto. Akalitazama jiwe. Akakumbuka: hata mtoto mchanga humdanganyi.

"Aha," akasema Kindi.

Akatoka mbio mpaka kwa Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Umeleta nusu yangu?"

"Nimeleta zaidi, Mzee. Tulikosea kukuweka kwenye vyungu. Mkubwa hawekwi nyuma. Kesho tunaucheza tena, na wewe utakaa mbele. Ukikaa mpaka mwisho bila kuinuka, kapu zima la chakula ni lako, na mimi naacha kuimba. Ukiinuka, utasema kisimani, kwa sauti yako hiyohiyo, siku ile ulikuwa umekaa wapi."

Fisi akacheka. "Kukaa tu? Kazi ya makalio hiyo! Nimekubali."

"Lakini kapu ni kubwa, Mzee. Ukija umeshiba utaliacha."

"Nani? Mimi? Sitakula kitu mpaka hapo."

Kesho yake uwanja ulijaa. Wote walikuja, kwa sababu Fisi anakuja. Kanga alikuja, na Twiga, na Ngiri akiwa amejibanza nyuma. Hawakuleta macho ya kutazama mchezo. Walileta macho ya kumtazama Fisi. Fisi akikunja uso, nao wanakunja. Fisi akipiga miayo, uwanja mzima aaah.

Kindi akatokea na paja kubwa. Alikuwa amelifinyanga kwa udongo wa kichuguu, akalipaka ngeu nyekundu kama damu, akalichora mishipa ya mafuta.

"Wazee wangu, leo tumeongeza kitu," akasema. "Hili ni paja la udongo. Mzee Fisi, ligonge, watu wasije wakasema nimewadanganya."

Fisi akagonga. Ko, ko, ko.

"Ni nini, Mzee?"

"Udongo," akasema Fisi. "Udongo mtupu, na mchezo wenyewe ni udongo vilevile."

Uwanja ukacheka. Kindi hakucheka. Chura akapiga ngoma, ndu ndu ndu, na Mama Mbuni akaingia. Safari hii Mama Mbuni alikuwa ametoka kumtafutia mwanawe chakula. Amepata paja la mbuzi. Akaliweka kando ya jiwe, akaimba:

Toka, mwanangu, toka,
paja limeiva, toka,
mafuta yachuruzika, toka.

Jiwe likanyamaza. Mama Mbuni akalinusa paja, akameza mate, akalirudisha. Hakula. Anamwekea mtoto.

Toka, mwanangu, toka,
mama hajaonja, toka,
mfupa una uboho, toka.

Fisi akajikuna. Mate yakaanza, ti, ti, ti. Mama Mbuni akalisogeza paja karibu na jiwe. Mate ya Fisi, tiri tiri tiri. Mama Mbuni akaimba kwa sauti ndogo kwamba jua linazama, nyama itaharibika, itabidi ikatupwe. Akalinyanyua paja akitetemeka, akageuka akalitupe.

"Usitupe!" akapiga kelele Fisi.

Akaruka. Pu! Akalidaka paja hewani. Nyaf!

KWACHA!

Ngoma ikanyamaza. Jino la Fisi likaanguka mbele ya Chura, ti. Fisi akabaki katikati ya uwanja, mdomo umejaa udongo.

Kindi akamsogelea. Alikuwa anamfikia gotini tu.

"Mzee Fisi, pole. Ulipoligonga ulisema ni nini?"

"Udongo," akasema Fisi kwa pengo.

"Na ulipoliuma uliona nini?"

Fisi akatazama chini. "Nyama," akasema.

Watu wakacheka! Kanga alicheka, Twiga alicheka, kicheko kikapanda mpaka mitini. Fisi akakunja makalio yake chini, akaondoka anachechemea, na mpaka leo anatembea hivyo. Asubuhi yake kisimani alisema kweli: siku ile alikuwa kwenye vyungu, hakuona mchezo hata punje.

Lakini pale uwanjani kicheko hakikudumu. Kanga alikuwa wa kwanza kunyamaza. Akashika shanga zake shingoni. Twiga akashika kengele isilie. Maana Fisi alikuwa hakuona mchezo, lakini wao walikuwa wameuona. Walikuwa wamelia kwa macho yao wenyewe. Sasa hakuna aliyethubutu kuinuka kutuza, wala aliyethubutu kuondoka. Walikaa vivyo hivyo, kama watoto waliokojoa kitandani, kila mmoja akingoja mwenzake ainuke kwanza.

Aliyeinuka ni Ngiri. Alikuja na shuka kwapani, amelifua, amelikunja vizuri. Alitembea mpaka kwa Kindi, na njia ilikuwa ndefu. Alipofika akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka meno yakagusa vumbi.

"Dada Kindi, sikuwa na mafua."

"Najua, kaka."

"Nililia."

"Nilikuona."

"Lichukue basi shuka lako. Nakuomba."

Kindi akalitazama shuka. Nyumbani mtoto mmoja alikuwa bado anakohoa.

"Ulinituza mbele ya watu," akasema, "ukaja kunivua mbele ya watoto wangu. Nitalichukua, kwa sababu wanasikia baridi. Inuka, kaka."

Akalichukua. Lakini Ngiri hakuweza kuinuka. Aliambiwa inuka, akasema bado kidogo. Giza likaingia, akasema bado kidogo. Njaa ikamshika, akala nyasi za palepale, kwa magoti yaleyale, uso chini. Na hata leo, ukimkuta Ngiri anakula, utamkuta amepiga magoti. Ukimuuliza kulikoni, atakwambia ana mafua.

Funzo la ngano hii ni rahisi. Ukiupenda mchezo, usilie upesi. Meza machozi, ulale, uamke, uende kisimani, umsikilize kwanza aliyekuwa kwenye vyungu. Akisema ulie, lia. Na ukishindwa kabisa kujizuia, ukainuka kutuza, basi tuza kitu chepesi, ambacho kesho kitakuwa rahisi kwenda kukichukua.

Mimi ndivyo nisemavyo. Ngiri hakubaliani nami, lakini mdomo wake uko chini, hasikiki.

Nimetia. Imeingia?

— Imeingia!

Basi fungeni masikio, isije ikamwagika njiani.