Kamba Moja ya Ligombo

Fumbeni macho, wanangu, mkione kibanda kimoja juu mlimani, kimezungukwa na ukungu, hakina jirani. Humo Sekindole, mjane, aliishi na ligombo la marehemu mumewe, ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo, wenye nyuzi sita. Kila jioni alilipiga akiuliza, "Upo?" Sauti ya mumewe ikaitika nyuzini, "Nipo."

Siku moja zimwi likabisha hodi.

"Nipe ugali." Likapewa.

"Nipe moto." Likapewa.

"Nipe uzi mmoja, nami nisikie sauti pangoni kwangu."

Sekindole akalikumbatia ligombo.

"We mchoyo! Si unazo sita?" likafoka, kisu mkononi.

"Si sita, ndugu yangu. Ni kamba moja tu, inakwenda na kurudi. Ukikata popote, zote zitalegea, nami sitamsikia tena."

Zimwi likaifuata kamba kwa ukucha, ikaenda, ikarudi, ikaenda, mpaka mwisho. Likaweka kisu chini.

"Mimi sina wa kuniitikia," likanong'ona.

"Basi keti hapo mlangoni."

Akapiga. "Upo?"

"Nipo," ikaitika kamba.

"Nipo," likaitika zimwi.

Mkienda kulala, wanangu, kumbukeni hili tu: kamba ilikuwa moja.